Bashi na upepo: kwa nini nunua kamba kabla ya chapito

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba wa shirika letu la waliorudi, Basoko. Msemaji mwenyewe ameyaandika upya kwa ajili ya gazeti letu.)



Nimeombwa kusema juu ya kazi ya kupangisha mabashi na viti. Komite iliniambia niseme namna gani hii kazi inabadilika, na namna gani tuifanye bila mtu kuumia. Nitasema Kiswahili, hata kama najua hapa Basoko wengi wetu tunaamka na Kilingala mdomoni, kwa sababu gazeti letu linafika Kisangani na mpaka kwa ndugu walio upande wa Bunia na Goma. Kiswahili changu ni cha Kisangani, hakikusoma Zanzibar. Mtanivumilia.

Wote mnajua mfuko wetu unakula wapi. Kuna mchango wa kila mwezi, ule ambao Papa Mwekahazina anaukimbiza nyumba kwa nyumba, na kuna mabashi yetu mawili na viti. Mtu akiugua, mtu akifiwa, mtoto akifukuzwa shule juu ya minervali, ni hapo tunachota. Sasa kuna shauri mezani: tuuze mabashi mawili madogo, tuongeze feza ambayo wafadhili wameahidi, tununue chapito moja kubwa la watu 300 kama lile watu waliona Kisangani. Nataka niseme mapema kwamba mimi siko upande wa shauri hilo, halafu nitaeleza.

Wengi wetu tulijua bashi kabla ya kujua biashara ya bashi. Kuna kati yetu waliofukuzwa Brazzaville mwaka 2014, wakati watu zaidi ya 130,000 walivukishwa mto kurudi kwetu. Kuna waliotoka Angola mwaka 2018. Kuna waliokimbia Lubunga kwa ile vita ya ardhi iliyoanza 2023, na wamerudi juzi juzi tu. Kila mmoja wetu amelala chini ya lile bashi la HCR, la mita 4 kwa 5, tumelifunga kwenye miti na vijiti, tukaweka mawe pembeni, na usiku ukapita. Lilitusaidia sana, Mungu awabariki walioleta. Lakini lilitufundisha pia tabia moja ambayo haifai kwa kazi ya leo: tuliona kwamba bashi linafungwa popote, na mtu yeyote, na kamba yoyote. Bashi la familia likiangushwa na upepo, linaanguka kama shuka. Bashi la kupangisha liko na mabomba ya chuma, liko juu ya vichwa vya watu 60 au 80, na kati yao kuna wazee ambao hawawezi kukimbia.

Nianze na mabadiliko, kwa sababu ndiyo yanayoleta hatari.

Zamani matanga ilikuwa chini ya majani ya ngazi. Vijana wa avenue walikata, wakasimamisha, wakavunja siku ya mwisho. Kisha ikaja plastiki, kisha mabashi ya mabomba, kisha viti vya plastiki ambavyo vilimaliza kabisa kazi ya mabenchi. Halafu Korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa Jamhuri alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na matanga ikakatazwa majumbani na kwenye masali, maiti kupelekwa moja kwa moja makaburini. Hali ya dharura ilianza tarehe 24 mwezi ule ule na ikaendelea mpaka Julai. Wapangishaji wadogo wengi walikunja mabashi yakiwa na unyevu, wakayaweka nyuma ya nyumba, na walipoyafungua tena yalikuwa yameoza. Wengine waliuza mabomba kwa wachomeleaji. Nafasi yao ilijazwa na bidhaa nyingine: mahema ya kukunja kama mwavuli kutoka China, yanafunguliwa kwa dakika tano, na yale ya matangazo ya kampuni za simu na bia. Lile la kukunja mtu mmoja analibeba begani. Basi fikirini upepo.

Leo mteja haji kuuliza bei kwanza. Anakuja na telefone mkononi, anakuonyesha picha ya ndoa ya Kinshasa au ya Kampala, anasema, "Nataka hivi." Hivi maana yake ni kitambaa cheupe, dari ya mapazia, kuta pande zote ili wapita njia wasione, mataa yanayowaka na kuzimika, na maboksi ya muziki yametundikwa juu kwenye bomba. Anatuma akonto kwa telefone papo hapo, na unajisikia vizuri. Hajauliza hata mara moja bashi linafungwa wapi. Nami namwelewa, hiyo si kazi yake.

Lakini angalieni kile alichoomba. Bashi lililo wazi pande zote, upepo unapita chini. Ukilivalisha kuta, umetengeneza tanga. Ninyi watu wa mto mmeona vijana wakifunga liputa kwenye mtumbwi ili upepo uwasukume. Liputa moja tu, mita chache za kitambaa, linasukuma mtumbwi, watu wawili na samaki yao. Ukuta wa bashi letu una urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2, ni mita za mraba 20. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiupiga moja kwa moja, unasukuma kama kilo 85, vijana watatu wanaweza kushika. Upepo ukifika kilomita 60, watu wanafikiri mzigo unaongezeka mara mbili. Hapana. Unaongezeka mara nne: zaidi ya kilo 300. Ukifika 90 ni mara tisa, karibu kilo 800. Na hapo sijahesabu upepo unaoingia ndani kwa mlango na kuinua paa kutoka chini, ambao ndio unaong'oa miguu.

Sasa tuhesabu kile tunachoweka upande mwingine. Bidoni la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Nimeona bashi la mita 10 limefungwa kwa mabidoni manne, na mengine yalikuwa nusu, kwa sababu bamama walichota maji ya kupikia. Nimeona, Kisangani, bashi la matanga limefungwa kwenye pikipiki ya mtu. Mwenye pikipiki alipata safari, akafungua kamba, akaenda zake. Saa tisa mchana upepo uliotangulia mvua ulikuja, bashi likainuka na mabomba yake, likaangukia upande wa bamama. Mama mmoja alivunjika bega. Mpangishaji sitamtaja, na familia pia sitaitaja. Kila mtu pale alisema ni bahati mbaya. Mimi nilihesabu kamba nikakuta tatu.

Kwa hiyo kamba na vigingi, yale tunaita mapike. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Bashi letu la mita 5 kwa 10 lina miguu 6. Kila mguu wa pembeni unahitaji kamba mbili, moja kila upande, na kila mguu wa katikati kamba moja. Ni kamba 10 na vigingi 10. Si nne, si sita. Kigingi kiwe cha chuma, kile kile chuma ambacho masoni anaita feri-beto, kinene kama kidole gumba, urefu wa mita 1, na mchomeleaji akiweke kichwa kilichokunjwa ili kamba isichomoke. Unakipiga kikiwa kimeinama, kichwa kikiangalia mbali na bashi, na kiingie ardhini karibu chote. Kamba ishuke kwa mteremko wa kati, isiwe wima kando ya mguu. Ukiifunga wima umeokoa nafasi, lakini kigingi kinatoka kama jino bovu.

Ardhi nayo inasema. Kando ya mto hapa udongo ukinyeshewa siku mbili unakuwa uji, na kigingi kilichoshika jumatatu hakishiki jumatano. Matanga inakaa siku kadhaa, kwa hiyo kuna kazi ya asubuhi: mtu anazunguka, anavuta kila kamba, anapiga tena kila kigingi. Ukikuta kimelegea, unapiga kingine nyuma yake na kuviunganisha. Mahali pa simiti ambapo huwezi kupiga, tunatumia mapipa. Pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200, lakini juu ya simiti laini iliyolowa pipa linateleza kabla halijainuka, kwa hiyo msilipe heshima ya kilo zote hizo. Lipeni nusu. Na kiti cha plastiki, mti mdogo wa mapapai, gurudumu la gari au ukuta wa matofali ya udongo si vigingi, hata kama mwenye nyumba anaapa.

Kitu kingine ni maji juu ya paa. Bashi likilegea, mvua inakaa kama kwenye sahani. Shimo la mita moja kwa mita moja, maji ya sentimita 10, ni kilo 100, mabidoni matano yametundikwa juu ya vichwa. Wakati wa mvua mtu asukume paa kutoka chini kwa fimbo yenye kitambaa mwishoni, mapema, kabla shimo halijakua. Asingoje hotuba iishe.

Sasa upepo wenyewe. Hatuna mashine ya kuupima, na sioni sababu ya kuingoja. Mwaka 1805 afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Beaufort, alianza kupanga upepo kwa kile jicho linaona, na mpaka leo kipimo chake kinatumika. Kwa kazi yetu kinasema hivi. Vumbi na makaratasi vikiruka, upepo uko kama kilomita 20 mpaka 28 kwa saa: zunguka, vuta kamba zote. Miti midogo ikiyumba na mto ukianza kuonyesha viwimbi vyenye vichwa vyeupe, uko kwenye 30 na zaidi: toa kuta, zima muziki uliotundikwa, waambie watu kwamba huenda watahama. Matawi makubwa yakicheza na mtu akishindwa na mwavuli wake, uko kati ya 39 na 49: watu watoke. Wengine wataniambia bashi bado limesimama. Ndiyo, limesimama, na ndiyo sababu bado kuna nafasi ya kutoka.

Kwetu huku mvua inatutembelea karibu mwaka mzima, na nyingi inakuja mchana ukienda jioni. Mnajua namna inavyokuja: joto, kimya, wingu jeusi upande mmoja, halafu ghafla upepo wa baridi. Ule upepo wa baridi ndio adui, mvua inafuata nyuma yake. Kati ya wingu na upepo unaweza kuwa na dakika 15, unaweza kuwa na dakika 5. Mwaka 2015, tarehe 3 Agosti, katika mji mdogo wa Lancaster, jimbo la New Hampshire huko Marekani, hema la maonyesho lilikuwa na watu kama 100 ndani. Tahadhari ya dhoruba ilikuwa imetolewa. Onyesho liliendelea. Hema likaanguka, baba na mtoto wake wakafa. Nawatolea mfano huo kwa sababu ni hema la ukubwa ambao sisi tunaweza kuwa nao, mji mdogo kama wetu, na nchi yenye radio, satelaiti na polisi. Vyote vile havikusaidia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusema: simameni.

Hapo ndipo naweka shauri langu la kwanza. Kila bashi linapotoka, liende na mtu mmoja ambaye tutamwita mwenye kamba. Anabaki pale mpaka mwisho, hanywi, na ana haki ya kutoa watu hata kama pasta anahubiri, hata kama shefu anasema. Haki hiyo iandikwe kwenye karatasi ambayo mteja anaweka sahihi kabla hajalipa. Najua mtaniuliza juu ya matanga: unamwambiaje mjane ainuke pale karibu na sanduku? Ni kweli, ni ngumu. Ndiyo maana tunazungumza na familia mapema, siku ya kufunga. Tunauliza: upepo ukija, watu wataingia nyumba gani, na marehemu mtamwingiza wapi? Familia nyingi zinashukuru kwa swali hilo. Hawakulifikiri, na wakati wa upepo si wakati wa kulifikiri.

Radi. Kwetu radi ikiua, tunamtafuta mtu aliyeituma. Sitaingia kwenye mabishano hayo, kila mtu abaki na yake. Nasema tu kwamba bomba la chuma kwenye uwanja mtupu ni mahali pabaya pa kukaa radi inapocheza. Tarehe 2 Novemba 2024, kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, kaskazini ya Uganda, watu 14 walikufa kwa radi moja wakiwa kwenye ibada, na 34 waliumia. Walikuwa wakimbizi, watu kama sisi tulivyokuwa. Bashi linazuia mvua, halizuii radi. Ukisikia ngurumo, peleka watu kwenye nyumba yenye kuta, shule, kanisa, au ndani ya gari lililofungwa, na wasirudi mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Wasikimbilie chini ya muembe.

Umeme wa mtu ni hatari nyingine, na nao unapenda mabomba. Uzi mmoja uliochunika ukigusa mguu wa bashi, bashi zima limekuwa uzi, na watu wamesimama juu ya ardhi yenye maji. Tarehe 23 Juni 2019 huko Barmer, India, upepo uliangusha hema la watu waliokuja kusikiliza maneno ya dini. Walikufa 14, na wengine kati yao walikufa kwa umeme. Wenzetu wa Kisangani wasisimamishe bashi chini ya nyaya kabisa. Mnakumbuka Matadi-Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022: waya mkubwa ulikatika, ukaanguka sokoni kwenye maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao bamama wauzaji. Hapa Basoko tunatumia jenereta. Jenereta ikae nje, mbali na kuta za bashi, upande ambao moshi haurudi kwa watu, maana ule moshi una hewa isiyo na harufu inayolaza mtu moja kwa moja. Usimimine esanse ikiwa moto. Nyuzi zipite juu zikiwa zimefungwa vizuri, zisilale kwenye majani ambako watoto wanakanyaga.

Juu ya moto nitasema kifupi. Plastiki ya bashi la msaada inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Kitambaa kizuri cha chapito kimewekwa dawa ya kuzuia moto, na kwenye kile kilichotengenezwa kwa sheria ya Ufaransa utaona pembeni alama M2. Ukinunua, tafuta alama hiyo, na muulize mwuzaji karatasi yake. Watu walijifunza hilo kwa gharama kubwa: Hartford, Marekani, tarehe 6 Julai 1944, hema kubwa la sarakasi lilikuwa limepakwa nta iliyochanganywa na petroli ili maji yasipite. Likawaka, watu zaidi ya 160 wakafa, watoto wengi. Na Mina, karibu na Maka, tarehe 15 Aprili 1997, moto ulipita kwenye mahema ya mahujaji, wakafa 343. Baada ya pale Saudia iliweka mahema ya kitambaa kisichoshika moto. Kwetu sisi moto unatoka jikoni. Makala ya kupikia chakula cha matanga yawe mbali, upande ambao upepo unaondoka.

Narudi kwenye feza, naona Papa Mwekahazina ananiangalia.

Wenzetu wanapangisha kwa bei ya chini kuliko sisi, na wanamemba wanalia kwamba wateja wanakimbia. Tuseme sisi tunaomba dola 30, mwenzetu anaomba 20. Anawezaje? Anatuma vijana wawili, kamba nne, nusu saa, wanaondoka. Sisi tukifunga kamba 10 tunahitaji watu watatu, saa mbili, na mmoja anabaki. Mteja akisema punguza, tunapunguza nini? Kitambaa ni kile kile. Kila mara tunapunguza watu na kamba, kwa sababu ndivyo visivyoonekana kwenye picha. Shauri langu la pili: fakture iwe na mistari miwili. Mstari wa kwanza ni bashi na viti, hapo tunaweza kuzungumza, tunaweza kupunguza kwa memba, kwa mjane, kwa mtu wa avenue yetu. Mstari wa pili ni kufunga na kulinda, na huo haupunguzwi kwa mtu yeyote, hata kwa Mama Prezida. Mteja ambaye hataki mstari wa pili, aende. Mfuko unaolipia watu hospitali hauwezi kuwa ndio unaowapeleka huko.

Tutapoteza wateja kidogo, sikatai. Lakini nimeona pia kinyume. Makanisa na mashule, na mashirika yanayoleta semina, yameanza kuuliza: nani anabaki na bashi? Nani anajibu kukitokea kitu? Hao wanalipa kwa wakati, na hawabishani juu ya mstari wa pili.

Na chapito la watu 300? Mlihesabu ni mara ngapi kwa mwaka Basoko inakusanya watu 300 wanaolipiwa kivuli? Lile linahitaji watu kumi waliofundishwa, linahitaji uwanja, na linahitaji nafasi kubwa kwenye balenière kutoka Kisangani, ambako mabomba yanapindwa chini ya magunia kabla hayajafika hata Isangi. Madogo mawili yanaenda kwenye matanga mbili siku moja. Yakitumika pamoja, ukiacha nafasi ya mita chache kati yao, watu wana mahali pa kutokea, na moja likiharibika mfuko haujafa. Kama feza inatosha, tununue dogo la tatu, la kitambaa chenye alama ile niliyosema, na tutunze haya mawili: yakaushwe juani kabla ya kukunjwa, kila mara, hata kama ni usiku na vijana wamechoka. Kama ni usiku, yatandazwe kesho yake asubuhi.

Kwa wafadhili wetu neno moja, kwa heshima yote. Tunajua mnapenda kuona picha ya hema jipya lenye jina lenu. Hakuna mtu anayepigwa picha na kamba. Lakini tukiwaomba kitu mwaka huu, orodha ni hii: vigingi 24 vya chuma, maana yake 20 kwa mabashi mawili na 4 vya akiba, kamba nzima za nailoni zinazotosha vigingi hivyo, nyundo mbili za kilo 5, kizima-moto kimoja kwa kila bashi, glavu, tochi, na kisu kizuri cha kukata kamba siku mtu akinaswa. Vigingi msitununulie huko mliko. Mchomeleaji wa hapa atavitengeneza, na feza itabaki Basoko.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kabla sijaanza: mwenye kamba anaweza kuwa mwanamke? Nimemjibu kwamba kupiga nyundo kunataka mkono, lakini kuangalia wingu na kuamuru watu watoke kunataka mdomo, na wadomo hapa tunawajua ni kina nani. Mmecheka, lakini nasema kweli. Ameshajiandikisha, yeye na wengine wawili.

Jumamosi asubuhi tutafungua mabashi yote mawili kwenye uwanja, tuhesabu mapete, tuangalie kila bomba lililopindwa na kila mshono uliochoka. Kilichooza tutakikata palepale ili mtu asikirudishe kwa siri. Vijana waje na nyundo zao. Wenye maswali juu ya fakture wabaki sasa na Papa Mwekahazina, mimi nitakuwa pale nyuma.